Jumamosi Kando ya Tisza

Nilikuwa na orodha. Naungama.
Niliiandika Alhamisi usiku nyuma ya risiti ya dawa:
mambo saba ya kufanya na watoto, yote nje, yote rahisi,
kwa kuwa Jumamosi zangu ni mbili tu kwa mwezi
na sitaki tena kuzimalizia mbele ya runinga.

Kwanza baiskeli, juu ya tuta la kuzuia mafuriko.
Mnyororo wa Ambrus ukakatika kabla ya kuifikia nguzo ya korongo.
Korongo mwenyewe alikuwepo, mguu mmoja, juu ya kiota chake,
akatutazama jinsi karani wa benki
anavyomtazama mtu aliyepanga foleni siyo.

Kisha gofu ya watoto, nyuma ya kanisa.
Kinu cha mbao hakijazunguka tangu mwaka juzi.
Mpira wa Borka ukaingia tumboni mwake, haukutoka.
Borka akalia. Mwenye uwanja akampa mwingine, wa buluu.
Akalia zaidi: alitaka uleule.

Na Piroska. Aliyekuwa mama mkwe wangu,
cheo ambacho talaka ilikifuta bila kutupa kingine.
Alikuja bila kualikwa, na bati la biskuti za jira,
na blauzi nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, na kauli moja:
"Mto una mbu."
Aliisema kwenye tuta. Aliisema kwenye gofu.
Aliisema tulipokula mkate wa kukaanga uliopakwa kitunguu saumu,
mafuta yakitutiririka hadi viwikoni.

Saa kumi na mbili jioni orodha ilikwisha chanika mfukoni.
Kilibaki kivuko cha waya.
Vendel hukivuta kwa mkono: ana rungu lenye pengo,
pengo linauma waya, anavuta, linaachia, linauma tena.
Magari mawili, mbuzi mmoja, na sisi.

Katikati ya mto akaacha kuvuta.
Akaonyesha kwa kidevu.
Maji yalikuwa yanachemka bila moto.

Wakatoka. Mmoja, kumi, halafu hesabu ikakosa adabu:
wadudu warefu kama kidole changu,
mikia mirefu kupita miili,
mabawa yakifanya sauti ya karatasi inayofunguliwa polepole
na mtu asiyetaka kuwaamsha wengine.
Maua ya Tisza, ndivyo wanavyowaita hapa.
Miaka mitatu matopeni, gizani,
kisha jioni moja ya Juni: kupanda, kuoana, basi.

"Moja tu?" Borka akauliza. "Hata kesho asubuhi hawaitaki?"
Vendel akasema hajawahi kuwauliza.

Mmoja akatua kwenye mkono wa blauzi ya Piroska.
Nikasubiri ukelele.
Mwanamke huyu hufukuza nzi kwa gazeti, na gazeti hushindwa kwanza.
Lakini alikaza shingo, akabana pumzi,
na yule mdudu akapasua mgongo wake mwenyewe,
akajivua taratibu, kama mtoto anayevuliwa fulana kichwani,
akaiacha ngozi pale pale, na kucha zake, na umbo la mikia,
akaondoka.

Hakuna aliyepiga picha.
Mbuzi alipiga chafya.
Ambrus, ambaye ana miaka kumi na moja na hashangazwi na kitu,
alikuwa ameushika mkono wangu. Sikuutikisa.

Ng'ambo hatukuwa na shughuli. Tulishuka, tukapanda tena.

Kwenye kituo cha basi Piroska akanipa bati,
biskuti nne zikigongana ndani,
akasema huku akiangalia barabara:
"Hiyo Jumamosi nyingine, mnaanza saa ngapi?"

Ngozi ilikuwa bado kwenye blauzi, nyepesi kuliko ganda la kitunguu.
Alikuwa amevuka mji mzima,
mkono kaunyoosha mbele,
kama mtu aliyebeba mshumaa kwenye upepo.